Uliza Mama Maabara: Korona saba, pua moja

Mwezi uliopita, nikijibu swali la homa za watoto, niliandika kwa kupita tu kwamba karibu kila mmoja wetu alishaugua korona kabla ya mwaka 2020. Nilidhani nimesema jambo dogo. Simu ya mhariri haikulala. Msomaji mmoja alituma ujumbe wa sauti wa dakika 7, na dakika 5 za mwanzo ni za kunisuta. Basi safu nzima ya mwezi huu ni korona. Kwa wageni: nilikuwa mtaalamu wa maabara kwa miaka 31, sasa nimestaafu, nafuga kuku na kujibu barua zenu. Si daktari, siandikii mtu dawa.

Shikamoo Mama Maabara. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi 9, na msimu wa baridi kamasi hazikauki. Jirani kasoma safu yako, anasema wanangu wana korona na hataki wacheze na wake. Ulimaanisha nini? — Mama wa Watatu, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa ugomvi niliokuletea mlangoni. Korona si jina la ugonjwa mmoja, ni jina la ukoo. Waliouona ukoo huu kwa hadubini ya elektroni miaka ya 1960 waliona vidude vya mviringo vimezungukwa na miiba yenye vichwa, kama duara la mwanga linalobaki kulizunguka jua likipatwa, ambalo nalo huitwa korona. Mmoja wa waliopiga picha hizo za kwanza ni June Almeida, binti wa Glasgow aliyeacha shule akiwa na miaka 16 akaajiriwa kuwa fundi wa maabara. Hilo la fundi wa maabara naomba mlisome mara mbili.

Katika ukoo huo, wanaojulikana kuambukizana kwetu binadamu ni saba. Watatu ndio waliotutisha: SARS ya 2002, MERS ya 2012, na hii iliyofunga shule na viwanja vya ndege. Wanne waliobaki wana majina kama namba za magari: 229E, OC43, NL63 na HKU1. Hao tunaishi nao. Mafua mengi huletwa na virusi vya ukoo mwingine kabisa, rinovirusi, lakini hawa wanne nao wana fungu lao kubwa, na mtoto huanza kukutana nao tangu mchanga. NL63 iligunduliwa Uholanzi kwa mtoto wa miezi 7, umri wa wako kasoro miezi miwili. Huku kwetu haikuhitaji viza: watafiti wa Kilifi walipozifuatilia kaya za vijijini kwa miezi sita, tangu mwisho wa 2009, waliikuta, na baadhi ya watu waliipata zaidi ya mara moja ndani ya miezi hiyo hiyo.

Mbona mtu aipate tena na tena? Waingereza walikuwa na kituo Salisbury ambako watu walijitolea kuambukizwa mafua, wakilala na kula bure. Katika jaribio moja walitiwa 229E puani watu 15. Kumi walishikwa. Mwaka mmoja baadaye 9 kati ya hao kumi walirudi wakatiwa tena: 6 walishikwa, lakini hakuna hata mmoja aliyeugua mafua. Kinga yetu kwa ukoo huu ndivyo ilivyo, kama mlinzi anayesinzia getini lakini akiamka mwizi hafiki chumbani.

Mwambie jirani kamasi za wanao ni kamasi. Watoto wacheze. Ila NL63 ina tabia ya kubana koo la mtoto mdogo akakohoa kama anabweka. Ukisikia hivyo, au ukaona mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anakataa ziwa, usisubiri kukuche. Na ile amoksisilini iliyobaki kabatini iache ilipo, haiui virusi.

Mama, mimi nafundisha baiolojia kidato cha tatu. Wanafunzi wameniuliza: kama SARS iliua mtu mmoja kati ya kumi, na korona ya 2019 iliua chini ya hapo, kwa nini SARS ilikwisha na hii imebaki? Nilijibu kwamba dunia ilizembea. Je, nilikosea? — Mwalimu, Kakamega

Hukukosea sana, Mwalimu, lakini umewalaumu watu kwa kosa ambalo nusu yake ni la kirusi.

SARS ilianza mkoa wa Guangdong, China, Novemba 2002. Februari 2003 profesa mmoja wa tiba aliyekuwa amewahudumia wagonjwa huko alikwenda Hong Kong kwenye harusi, akalala usiku mmoja ghorofa ya 9 ya hoteli. Alikuwa tayari anaumwa. Wageni waliokuwa hotelini humo waliondoka nayo: mmoja Hanoi, wengine Singapore na Toronto. Baadaye vipimo vya zulia la korido, nje ya mlango wa chumba chake, vilikuta chembe za kirusi. Mimi zulia hilo silisahau. Kule Hanoi daktari wa Shirika la Afya Duniani, Carlo Urbani, Mtaliano, ndiye aliyepiga kengele kwamba huu ni ugonjwa mgeni. Ulimuua mwenyewe tarehe 29 Machi 2003.

Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 8,096 na vifo 774, na mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa mhudumu wa afya. Hapo ndipo jibu lako lilipo. Kwa nini wauguzi? Kwa sababu mgonjwa wa SARS huwa hatari kwa wengine akishazidiwa: kirusi hujaa katika njia yake ya hewa karibu siku ya kumi ya ugonjwa, na siku ya kumi mtu yuko kitandani hospitalini. Anayeambukizwa ni aliye karibu na kitanda. Ukiwatenga wenye homa mapema, na ukawavisha wauguzi vizuri, mnyororo unakatika. Ulikatika tarehe 5 Julai 2003. Baada ya hapo ilichungulia mara chache tu, na mara tatu kati ya hizo ilitoka maabara: Singapore, Taiwan, kisha Beijing 2004. Aibu ya wenye kazi yangu, siifichi.

Mdogo wake wa 2019 anatumia kitasa kilekile kuingia katika seli zetu, kinachoitwa ACE2. Lakini yeye huzaliana vizuri sana juu, puani na kooni, na wingi wake hufika kileleni karibu na siku dalili zinapoanza, au kabla. Mtu yuko sokoni anapatana bei ya nyanya, hana homa, hana habari, na anamwaga virusi. Utamtenga nani? Wengine hawaugui kabisa na bado wanaambukiza. Vile vipimajoto vya bastola tulivyoelekezewa usoni milangoni vilifaa zaidi kwa SARS kuliko kwa hii.

Kwa hiyo waambie wanafunzi kuua ni jambo moja na kusambaa ni lingine. MERS huua takriban watu 35 kati ya 100 wanaothibitishwa kuwa nayo, na tangu 2012 wagonjwa waliothibitishwa ni kama 2,600 dunia nzima. Ya 2019 huua chini ya mmoja kati ya mia, ukichukua umri wote kwa pamoja, lakini kwa miaka miwili tu, 2020 na 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9. Kidogo cha wengi ni kingi. Na NL63, ile ya mtoto wa Tanga? Nayo inaingia kwa kitasa cha ACE2! Kwa hiyo ufunguo peke yake hausemi mwizi atavunja nini ndani. Hilo wape kama swali la kidato cha nne.

Asalaam alaykum bibie. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, naishi Muscat mwaka wa 22. Mwenye shamba ninakofanya kazi ana ngamia, na kila asubuhi hunipa maziwa yakiwa bado ya vuguvugu. Mke wangu ana kisukari na mwaka huu tumetia nia ya umra. Nimesikia ngamia wana korona yao. — Dereva, Muscat

Waalaykum salaam. Umesikia sawa, ni MERS. Iligunduliwa Jeddah mwaka 2012 kutoka kwa mgonjwa aliyekufa kwa nimonia na figo kushindwa kazi, na aliyeitambua ni mtaalamu wa virusi kutoka Misri, Ali Mohamed Zaki. Oman nayo imeshakuwa na wagonjwa. Ngamia mwenyewe haumwi sana. Anapata mafua, hasa akiwa ndama, na kirusi kinakaa puani mwake. Kwa hiyo asubuhi ukifika shambani, yule ndama mzuri mwenye kamasi anayekuja kukunusa usoni ndiye wa kumwogopa kuliko mama yake mkubwa. Osha mikono ukimgusa.

Maziwa yachemshe. Mwenye shamba asichukie. Mwambie ni kwa ajili ya mgonjwa nyumbani. Yakishachemka hayana kirusi, wala hayana bruselosi, ugonjwa wa bakteria wa mifugo unaopita kwa maziwa mabichi, ambao kwa unywaji wako wa kila siku nauogopa zaidi ya MERS.

Kisukari cha mkeo ndicho kilichonifanya niichague barua hii. MERS inamchagua mwenye kisukari, figo, mapafu mabovu na mwenye umri mkubwa. Kwa mtu mzima wa afya inaweza kupita kama mafua. Kasoro yake ni kwamba inashuka chini kabisa, mapafuni, hata mtu akichukuliwa sampuli ya puani peke yake kipimo kinaweza kutoka safi na hali anayo. Sisi wa maabara tunataka makohozi ya kutoka ndani, si mate. Na kwa kuwa imejificha chini, haitoki ovyo: haisambai sokoni, inasambaa hospitalini. Korea Kusini, 2015, mtu mmoja alirudi kutoka nchi za Uarabuni akiwa mzima, siku chache baadaye akashikwa na homa, akazunguka vituo kadhaa vya afya kabla hajajulikana ana nini. Mmoja wa aliowaambukiza akakaa siku tatu katika chumba cha dharura kilichojaa, akingojea, akikohoa. Kutoka kwake peke yake waliambukizwa zaidi ya watu 80. Jumla ya wagonjwa ilifika 186, waliokufa 38, na ngamia hakuwahusu tena.

Umra nendeni, inshallah. Mamilioni wamehiji tangu 2012 na hija haijazaa mlipuko wa MERS. Msitembelee mashamba ya ngamia huko kupiga picha. Na mkirudi, mkeo akipata homa na kifua ndani ya siku 14, neno la kwanza kwa daktari liwe: tumetoka Saudia, na mume wangu anafanya kazi penye ngamia.

Mama, mimi ni mtoto wa wafugaji Isiolo. Tumekunywa maziwa ya ngamia mabichi tangu babu wa babu, hatujaona huo ugonjwa. Si ni mambo ya Waarabu tu? — Kijana wa Isiolo

Kijana, ngamia wenu wanayo. Damu za ngamia wa Kenya zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1990 zimepimwa, na nyingi zina alama za kinga, maana yake walishaugua. Za Somalia na Sudan za miaka ya 1980 nazo vilevile. Ukitazama biashara ilivyo, ngamia wanapandishwa meli Pembe ya Afrika kwenda Uarabuni, kwa hiyo usiwe na hakika sana ni mambo ya nani.

Lakini jicho lako halikudanganyi. Aina inayozunguka kwa ngamia wa Afrika ni tofauti kidogo na ya kule, na maabara zinaonyesha haizaliani vizuri katika mapafu ya binadamu kama ya Uarabuni. Wamepatikana wachungaji wa Kenya waliokuwa nayo bila kuumwa. Huenda pia kuna wanaokufa kwa nimonia kaskazini bila kupimwa, kwa sababu kipimo kiko mbali. Mimi siwezi kuhesabu kisichopimwa. Maziwa chemsha hata hivyo. Najua utasema yanapoteza ladha.

Bwana asifiwe Mama. Mwaka 2021 kwaya yetu ilifuata masharti yote: ndoo ya kunawia mlangoni, sanitaiza, hakuna kupeana mikono, viti vya mita moja. Tulifanya mazoezi ukumbi umefungwa ili tusisumbue majirani. Ndani ya wiki tuliugua 11. Tulikosea wapi? — Sauti ya Pili, Morogoro

Mlikosea kufunga ukumbi na madirisha yake, mwanangu, na hamkuwa peke yenu. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington huko Marekani, kwaya ya watu 61 ilifanya mazoezi saa mbili na nusu. Walijihadhari, hawakukumbatiana. Mmoja wao alikuwa na mafua. Waliougua ni 53, na wawili walifariki.

Anayeimba anasukuma pumzi kutoka chini kabisa, na pumzi hiyo imebeba vitone vidogo mno ambavyo havianguki mita moja mbele kama tulivyofundishwa. Vinaelea. Ukitaka kuielewa, fikiri moshi wa sigara: mmoja akivuta katika ukumbi uliofungwa, baada ya nusu saa hata aliye kona ya mwisho anasikia harufu. Basi pumzi yake imekufikia, na chochote kilichomo.

Mimi niliyefundisha watu haya nilipigwa kwa njia hiyohiyo. Mwaka huo huo wa 2021, kituo changu cha kazi kilikuwa na chumba cha chai, hatua nne kwa hatua nne, dirisha tumelifunga kwa sababu ya moshi wa jenereta. Benchi za maabara tulizipangusa kwa spiriti mpaka rangi ikabanduka. Barakoa tulivaa siku nzima. Kisha saa nne tunaingia chumba cha chai, tunavua, tunakula vitumbua, tunacheka. Jumatatu hiyo mwenzetu alikuwa anasimulia mkasa wa mkwe wake, na alisimulia kwa sauti, hana kikohozi wala homa. Kufikia Ijumaa tulikuwa tumelala wanne kati ya sita. Mume wangu alikohoa wiki tatu kwa sababu ya kile kitumbua. Miaka yote ile nilinawa mikono kama mtu anayesali, na dirisha la mita moja nimelifunga mwenyewe.

Imbeni. Fungueni madirisha pande mbili hewa ipite, na mwenye mafua abaki nyumbani hata kama ndiye solo. Majirani watazoea.

Baba yangu aliugua Agosti 2021. Wiki ya kwanza alikuwa na homa, akapata nafuu, akaomba uji, akatania. Siku ya tisa akaanza kuhema, siku ya kumi na moja akafariki. Watu wakasema alitiliwa kitu hospitali. Nisaidie kuelewa. — Binti, Moshi

Pole sana mwanangu. Hakutiliwa kitu. Ugonjwa huu kwa baadhi ya watu una awamu mbili, na nafuu ya katikati ndiyo inayowahadaa watu.

Awamu ya kwanza ni ya kirusi chenyewe: kinaingia kwenye seli, kinajinakili, kinaziua. Kwa wengi kinga inakimaliza hapo. Kwa wengine, zaidi wazee, wanene, wenye presha na kisukari, kinafika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na wiki ya pili askari wa mwili wanakuja kwa fujo. Wanapigana ndani ya nyumba yenyewe. Vifuko vinajaa majimaji, damu inagandaganda kwenye mishipa midogo, oksijeni haivuki. La kutisha ni kwamba mtu anaweza kuwa na oksijeni ya asilimia 80 anazungumza nawe vizuri. Nimeona kile kipimo cha kidoleni kikisoma 82 mgonjwa akiulizia matokeo ya mpira.

Ndiyo maana dawa iliyookoa wengi katika wagonjwa wa oksijeni haikuwa ya kuua kirusi. Ilikuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ya chini, inayowatuliza hao askari. Waingereza waliithibitisha Juni 2020: kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia ilipunguza vifo kwa theluthi moja. Wiki ya kwanza, kabla oksijeni haijashuka, haisaidii, inaweza hata kudhuru. Baba yako alitania siku ya saba kwa sababu kweli alijisikia vizuri. Uji ule ulimpa ulipohitajika.

Nyungu je? — Mzee, Singida

Shikamoo mzee wangu. Mvuke unalainisha kamasi na mtu anajisikia mwepesi, sipingi. Haufiki mapafuni ukiwa na moto wa kuua kirusi. Ungefika, ungeua mapafu kwanza. Watoto msiwafunike nao. Wenzangu wa wodini wamepokea waliobabuka na maji ya moto ya nyungu iliyopinduka.

Mama, mimi ni mama lishe Temeke. Tangu niugue Januari 2022 pua ilikufa, ikarudi nusu, ila sasa kitunguu kikikaangwa nasikia harufu ya mpira unaoungua. Wateja wanasema chakula kizuri, mimi natamani kutapika. Nitapona? — Mama Lishe, Temeke

Barua yako nimeisoma mara tatu, maana kwa kazi yako pua ni mtaji.

Kirusi hakikula mishipa yako ya kunusa. Mishipa hiyo haina kitasa cha ACE2. Chenye kitasa ni seli zinazoizunguka, zinazoilisha na kuitegemeza, kama fito za uzio wa mchongoma. Fito zikianguka, mchongoma unalala. Seli hizo zikiota upya mishipa huamka, lakini mingine hujiunga vibaya na ubongo ukapokea habari zilizochanganyika. Kitunguu, kitunguu saumu, kahawa na nyama ya kukaanga ndivyo watu wengi hulalamikia, tena kwa maneno kama yako: mpira, kuungua, uozo. Ni dalili mbaya kuishi nayo, lakini mara nyingi ni ya pua inayorudi, si ya pua iliyokufa.

Kuna zoezi lililoanzia Ujerumani, halina gharama. Vitu vinne: karafuu, limau, mkaratusi na waridi. Asubuhi na jioni nusa kimoja kimoja, sekunde 20 hivi, polepole, ukikumbuka kwa nguvu harufu yake ya zamani. Fanya miezi mitatu bila kuruka, wengine huhitaji zaidi. Waridi likikosekana tumia marashi. Si wote wanaopona kabisa, lakini wanaofanya hupona kuliko wasiofanya. Kama kuna daktari wa pua karibu nawe, akuangalie.

Vitunguu akaange binti, wewe shika ugali na maharage kwa sasa. Maziwa na nyama ya jana anuse yeye kabla hamjapika. Na mtungi wa gesi, mwanangu, jioni asiufunge mtu ambaye pua yake haisikii gesi: mpe binti kazi hiyo, naye akipita saa moja baadaye anuse tena.